Jibu: Paa la Sheldonian limesimamaje bila nguzo?

Salaam ndugu. Umeuliza Sheldonian, ukumbi wa mahafali wa Chuo Kikuu cha Oxford, umefunikwaje, upana wa mita 21 hivi, bila nguzo katikati, na kama kile kijumba cha kileleni ni kazi ya Christopher Wren, aliyesanifu ukumbi huo.

Anza na dari. Wageni ninaowatembeza pale huwaambia watazame kamba za dhahabu zilizopita juu ya picha iliyochorwa na Robert Streater. Wren aliiga kumbi za Warumi, zilizokuwa wazi na kutandazwa turubai juu ya kamba, ndiyo maana dari imechorwa kama anga. Lakini kamba hazibebi kitu! Mzigo uko kwenye kenchi, yaani fremu za mbao za paa, zilizofichwa juu ya dari. Miti ya kufika ukuta hadi ukuta haikupatikana, basi Wren akaunga mbao fupi kwa viungo na boliti. Zilikuwa imara hasa, kwani humo darini chuo kilirundika vitabu vya kiwanda chake cha uchapaji. Na Wren alikuwa profesa wa astronomia, na jengo lilifunguliwa 1669!

Kijumba si chake. Kiliwekwa na msanifu Edward Blore mwaka 1838, kikubwa kuliko cha awali, kwa hiyo usikitumie kumpima Wren.