Nilimwombea rafiki yangu, kumbe nilimsengenya

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 36, nimeokoka tangu ujana, na kila wiki hukutana na akina mama wenzangu kumi kwa maombi. Miezi miwili iliyopita rafiki yangu, ambaye naye ni wa kundi hilo, aliniambia kwa machozi kwamba mume wake ameachishwa kazi na anawaficha ndugu zake, na kwamba wao wawili hawalali tena chumba kimoja. Jioni moja hakuja. Zamu ya kutoa mahitaji iliponifikia, nikasema tumwombee dada mmoja ambaye ndoa yake inapita katika moto, nikaeleza na ya kazi na ya chumba. Sikumtaja jina. Nilipoanza tu, wote walinyamaza wakanigeukia, na nilipomaliza nikaona macho yanakwenda kwenye kiti chake. Wiki iliyofuata habari ilikuwa imemfikia mumewe, naye rafiki yangu akaniandikia maneno mawili tu: “Nilikuambia wewe.” Tangu hapo hapokei simu zangu. Shangazi, sikusema uongo hata neno moja, lakini nimejichukia. Nimemwahidi Mungu siku 40 za kufunga kinywa: nyumbani nasema ya lazima tu, na kwenye maombi nanyamaza. Wifi yake naye amenipigia mara mbili akitaka kujua kama ni kweli. Nifanye nini na ulimi huu?
Mama Mkimya

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, kwenye maneno “sikusema uongo hata neno moja”. Naona umeyaandika kama mtu anayeweka kitu kidogo upande wa pili wa mizani ili usielemee mno upande wa kwanza. Niruhusu nikiondoe kitu hicho, kwa sababu hakikusaidii.

Wengi wetu tulikariri tukiwa watoto amri isemayo usimshuhudie jirani yako uongo, ambayo Wakatoliki na Walutheri huihesabu kuwa ya nane na Wakristo wengine wengi huihesabu kuwa ya tisa, tukadhani kwamba ukishaepuka uongo umeimaliza. Walimu wa Kanisa hawakuielewa hivyo. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo aliyoitoa mwaka 1529, alieleza kwamba amri hiyo inatukataza pia kumsaliti jirani na kumharibia jina, na inatutaka tumtetee na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo inatenganisha makosa mawili ambayo sisi huyachanganya: kumsingizia mtu, yaani kumzulia asilolitenda, na kuyafichua makosa yake ya kweli kwa watu ambao hawakuyajua, pasipo sababu ya haki. Hilo la pili halihitaji uongo hata kidogo, bali chakula chake ni ukweli. Na wewe, mwanangu, hukufichua hata kosa, kwa maana kuachishwa kazi si dhambi. Ulichofichua ni aibu na maumivu ya watu wawili, na mmoja wao hakuwahi kukuambia lolote.

Utasema uliyasema kwa ajili ya maombi. Ninaamini kwamba hilo lilikuwamo, wala sidhani ulikwenda pale ukiwa na nia mbaya. Lakini tujiulize maombi yenyewe yalihitaji nini. Mungu alikuwa anaijua habari ya chumba kabla hujafungua kinywa. Akina mama wale wangeweza kumwombea “dada mmoja mwenye mzigo mzito” wakaishia hapo, na maombi yao yasingepungukiwa na kitu mbele za Mungu kwa sababu hawakujua nani analala wapi. Maelezo yale hayakwenda juu. Yalikwenda pembeni, kwa watu tisa, na kutoka kwa watu tisa yakaenda yalikokwenda. Nikiambiwa nitaje mahali ambapo Wakristo husengenyana kwa amani kubwa kuliko pengine popote, nitataja hapo hapo kwenye mahitaji ya maombi, kwa sababu hapo hakuna anayethubutu kumwambia mwenzake anyamaze.

Kuna sentensi nyingine katika barua yako ambayo pengine uliiandika bila kuifikiria: “Nilipoanza tu, wote walinyamaza wakanigeukia.” Bado unaukumbuka ule ukimya hata leo. Yesu alisema kwamba kinywa cha mtu hunena yale yaujazayo moyo wake, na mara nyingi tunaposikia hivyo tunatafuta moyoni chuki au wivu, tusipoviona tunajihesabia haki. Huenda moyo wako ulijazwa na kitu kidogo zaidi: utamu wa kuwa mtu anayejua. Kwa dakika mbili ulikuwa na kitu ambacho kila mtu pale alikitaka. Ninaujua utamu huo. Miaka iliyopita mtu aliniuliza habari za mwenzangu, nami nikavuta pumzi, nikatazama chini, nikajibu, “Mimi sitaki kusema mengi.” Sikusema neno jingine, na nilitoka pale nikijisifu kwa kuuzuia ulimi wangu. Yule aliyeniuliza alikwenda na sentensi yangu moja akaijengea nyumba nzima, na mwenzangu alikuja kuikuta imekwisha kuezekwa.

Ndiyo maana siku 40 zako za ukimya zinanitia wasiwasi. Mtu aliyeandika Zaburi ya 39 alifanya kama wewe: alisema atazitunza njia zake asije akakosa kwa ulimi, akajitia lijamu kinywani, akawa kama bubu, hata lililo jema akaacha kulisema. Matokeo yake anayaeleza mwenyewe, kwamba maumivu yake yalizidi na moyo ukawaka moto ndani yake, hadi mwishowe akasema. Alipofungua kinywa alizungumza na Mungu, akamweleza ufupi wa maisha yake na dhambi zake. Zaburi hiyo inamwonyesha mtu ambaye kunyamaza peke yake kulimshinda, na ambaye alipona kwa kusema panapostahili.

Tazama pia mifano ambayo Yakobo aliichagua katika sura ya tatu ya waraka wake. Sisi huikumbuka sana ile ya moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa, kwa sababu inatisha. Lakini kabla ya moto alitaja lijamu kinywani mwa farasi na usukani wa merikebu. Hakuna anayemtia farasi lijamu ili asimame zizini maisha yake yote, wala nahodha hashiki usukani ili merikebu isiondoke bandarini. Vitu vyote viwili ni vya kuelekeza. Na yule aombaye katika Zaburi ya 141 kwamba Bwana aweke mlinzi kinywani pake, anazungumzia mlango wa midomo, na mlango, tofauti na ukuta, umewekwa ufunguke kwa wengine na ubaki umefungwa kwa wengine. Yesu mwenyewe alipoulizwa na Herode maswali mengi hakumjibu lolote, lakini mtumishi alipompiga kofi mbele ya kuhani mkuu alimuuliza wazi, “Wanipigia nini?” Mdomo ulikuwa ule ule, usiku na asubuhi yake.

Sasa, kosa lako lilikuwa nini hasa? Uliyapeleka maneno kwa watu tisa wasiohusika, na leo unamnyima maneno mtu mmoja anayeyadai, huku wanao na mume wako, ambao hawakukukosea, wakiishi na mama anayejibu kwa kichwa. Ukimya huo unakuumiza na kukufariji kwa wakati mmoja, kwa sababu unakupa hisia ya kulipa bila kumkabili uliyemkosea. Kuhusu ahadi yenyewe, Mhubiri katika sura ya tano anatuonya tusiwe na haraka ya kunena mbele za Mungu, na papo hapo anatuonya tusichezee nadhiri tuliyokwisha kuiweka. Kwa hiyo usiivunje kimya kimya kwa sababu Shangazi amesema. Nenda kwa mchungaji wako, au padri wako, umweleze uliahidi nini na katika hali gani, naye akusaidie kuigeuza iwe kitu chenye faida. Ukienda kwake, eleza dhambi yako wewe. Ya chumba hayahitaji kusikika kwa mara nyingine.

Kisha mwendee rafiki yako. Katika Mathayo 5 tunaambiwa kwamba ukikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka hapo, uende kwanza ukapatane naye, na hayo ya kufunga kinywa chako naona ni sadaka ya namna hiyo. Kwa kuwa simu hapokei, mwandikie kwa ufupi kwamba unaomba kuja kumwona, kwamba hutakaa muda mrefu, na kwamba asipotaka utamwelewa. Akikukubalia, mwambie hivi au kwa maneno yanayofanana na haya: “Uliniamini, nikayatoa maneno yako kwa watu. Nilikukosea wewe na mume wako. Nisamehe.” Ukifika hapo nyamaza, na huo ndio utakuwa ukimya wa kwanza wenye kazi tangu mambo haya yaanze. Usimwambie ulitaka aombewe. Usimwambie hukumtaja jina. Usilie kiasi kwamba yeye ndiye aanze kukubembeleza, kwa maana alikulilia mara moja na machozi yake hayakutunzwa. Kama ana ya kukuambia, hata yawe makali, yapokee bila kuyasahihisha, ingawa utaona mahali ambapo hana haki yote. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na aliyejikwaa ulimi hana budi kusubiri jeraha la mwenzake lipone kwa muda wake. Inawezekana asikurudishie urafiki. Msamaha na kuaminiwa tena ni mambo mawili, na la pili huwezi kulidai.

Kabla ya kuondoka, muulize kitu kimoja: je, angependa useme chochote kwa wale akina mama? Najua utatamani kurudi kwenye kundi wiki hii hii ukiri mbele ya wote, na pengine utajisikia mwepesi sana ukifanya hivyo. Usifanye bila idhini yake, kwa sababu kukiri kwako kutawakumbusha waliokwisha kusahau na kuwathibitishia waliokuwa wakikisia. Akikubali, sema tu kwamba uliwaletea habari ambayo haikuwa yako kuitoa, na kwamba unawaomba isiende mbele zaidi. Akikataa, basi kazi yako ni kila mmoja wao atakapoligusa jambo hilo mbele yako, nawe umwambie kwa upole kwamba ulikosea kulisema na hutaliendeleza.

Wifi yake mjibu kwa sentensi moja: “Hayo muulize mwenyewe.” Usimdanganye kwamba si kweli, wala usimpe ile pumzi yangu ya kutazama chini. Kwa muda mrefu ujao watu wakikuuliza habari za nyumba za wengine, wape jibu hilo hilo, kwa sauti ile ile, habari iwe ya kweli au ya uongo, iwe nzuri au mbaya. Ukikanusha za uongo na kukataa kujibu za kweli pekee, watu watajifunza upesi kuusoma ukimya wako.

Niseme na hili kwa haraka, lisije likaeleweka vibaya: kusitiri si kufunika hatari. Kama rafiki yako angekuambia kwamba anapigwa, au kwamba kuna mtoto anayeumizwa, ungetakiwa kusema, tena mapema, kwa mtu awezaye kumlinda. Hata hapo swali ni lile lile la nani anahitaji kusikia, na jibu halingekuwa watu tisa kwenye duara la viti.

Umeuliza ufanye nini na ulimi wenyewe. Possidius, aliyeishi na Augustino na kuandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba askofu huyo wa Hippo, mji ulioko katika Algeria ya leo, aliweka kwenye meza yake ya chakula mistari miwili ya shairi, yenye maana kwamba apendaye kuyatafuna maisha ya wasiokuwapo ajue hana nafasi kwenye meza hiyo. Siku moja maaskofu wenzake, tena rafiki zake, waliisahau. Augustino aliwaambia ama mistari hiyo ifutwe, ama yeye ainuke aende chumbani kwake akiwa hajamaliza kula. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba alijua hata maaskofu hawawezi kutegemea nia njema peke yake, akaweka onyo pale pale sahani zilipo, mahali ambapo mazungumzo hunoga. Chagua na wewe mahali pako. Kwako ni ile zamu ya kutoa mahitaji: toa ya kwako mwenyewe, au yale ambayo mwenyewe amekutuma uyaseme kwa maneno aliyoyachagua. Wiki ambayo huna la namna hiyo, sema huna, zamu iende kwa mwingine. Utaona jinsi inavyokuwa vigumu mara ya kwanza kumwachia jirani yako nafasi ile huku macho yote yakikuhama.

Nawe uniandikie utakapotoka kwake. Ya kwako nieleze yote. Ya kwake yaache kwake.