Sikuwa na wito, nilikuwa na alama

Mdogo wangu, umeuliza kama sisi wa udaktari tulisukumwa na wito au na wazazi, maana umemaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na nyumbani wameshaanza kukuita "dokta". Nimebakiza miezi miwili ya utarajali, yaani mwaka wa mafunzo hospitalini baada ya chuo, nakujibu kwa yaliyonikuta mimi.

Wito sikuwa nao. Nilikuwa na alama, na mwenye alama zile akichagua kingine ukoo unaitisha kikao. Nikasoma miaka mitano, Baraza la Madaktari Tanganyika likanipa usajili wa muda, nikapangiwa hospitali moja ya mkoa kwa mwaka mzima: tiba ya ndani, upasuaji, uzazi, watoto.

Watoto ndiko nilikojiona si lolote. Msimu wa mvua, malaria imepamba moto. Saa tisa usiku mama kaleta mtoto wa miezi minane, hemoglobini 3, yaani damu imepungua mno, viganja vyeupe, anahema kwa tumbo na kifua. Damu ya kumwongezea ipo, mshipa haupo. Nikachoma mkono, mguu, mkono wa pili. Mama hakulalamika, alikuwa anahesabu tu: "Ya nne hiyo, baba." Sista wa zamu, aliyeanza kazi kabla sijazaliwa, akanisogeza kwa kiwiko. "Dokta, mshipa unatafutwa kwa kidole. Wewe unatafuta kwa macho." Akaupata kichwani, juu ya sikio. Mimi nikabaki nimeshika plasta.

Asubuhi kwenye raundi yule mtoto akavuta stetoskopu yangu anataka kuitafuna.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kupapasa mishipa, hata ya wenzangu tukiwa mezani tunakula. Siku hizi wakishindwa usiku wananiita mimi. Kinachonitoa kitandani ni hicho, na nakiri kina majivuno ndani yake.

Pesa sasa. Posho iliwahi kuchelewa nikala kwa mkopo kwa mama ntilie wa getini, ambaye alikuwa ananiita "daktari" kwa sauti ya kusikika huku anaandika deni. Si jambo jipya. Hata mgomo wa 2012 ulianzia kwenye posho za watarajali. Na ukimaliza, ajira haikusubiri mlangoni. Wapo walionitangulia ambao bado wanashika zamu za kuunga kwenye zahanati za watu binafsi. Wazee wako hilo hawalijui, wao wanakumbuka madaktari wa enzi zao.

Umesema pia unaogopa damu. Hilo dogo. Mimi nilianguka kwenye oparesheni ya ngiri nikiwa mwaka wa tatu, wakanikokota hadi koridoni, na mgonjwa akashonwa salama bila mimi. Niambie kwanza kama unaweza kuamshwa mara nne usiku mmoja na bado ukamjibu mtu vizuri.