Usiikate hiyo silinda, mkuu

Mkuu mleta mada, umesema kwenye mzigo wa skrepa mmekuta silinda ya chuma ya ukubwa wa ndoo ndogo, nzito hadi watu wawili wanahema kuiinua. Ina alama iliyofutika rangi, na fundi wako wa gesi anasema ndani kuna risasi tupu (ile madini nzito, si ya bunduki), aipasue muiuze. Nimesoma waliotangulia kukujibu. Wengi wanasema mionzi ni habari ya mabomu na mitambo ya nyuklia, haiwezi kufika yadi. Nina miaka 11 kwenye kazi hii, nilianza kwa kupakua magari na sasa nasimamia uchambuaji, na nakwambia inafika.

Usiikate, huenda ndani kuna chanzo cha mionzi. Usiigonge nyundo, usiifungue hata skrubu moja. Muondoe kila mtu hapo kwanza, ndipo usome haya mengine.

Kuna vifaa vingi vya kawaida vyenye chanzo cha mionzi ndani. Mashine za zamani za kutibu saratani zilitumia kobalti-60 au sesiamu-137, yaani madini yanayotoa mionzi. Viwandani kuna vipimo vinavyofungwa ubavuni mwa tangi ili kujua limejaa hadi wapi bila kulifungua: chanzo upande huu, kipokezi upande ule. Wanaokagua weldingi za mabomba hutembea na iridiamu-192 kwenye kasha dogo. Chanzo chenyewe mara nyingi hakizidi ukubwa wa kidole. Kinachokuwa kikubwa na kizito ni ngao yake, na ngao hiyo ni risasi, au tungsteni, au urani iliyopunguzwa nguvu. Kwa hiyo kile kinachowalinda watu ndicho sisi wa skrepa tunachokitolea macho. Kiwanda kikifungwa na mitambo ikauzwa kwa jumla, hakuna anayemwambia mnunuzi kwamba lile dude la ubavuni halikutakiwa kuuzwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuamuru dude zito kama hilo lipasuliwe. Yadi yetu ilikuwa bado haina kipimo chochote cha mionzi. Kijana mmoja aliniuliza, "Kaka, hili mbona zito hivi?" Nikamjibu kata tu, risasi hiyo. Akakata. Kwa rehema za Mungu lilikuwa jiwe la kusawazisha uzito wa mtambo, hakuna zaidi. Lakini siku hiyo sikuwa na njia yoyote ya kujua, na yule kijana alikuwa ameinama juu yake, uso karibu na moto wa gesi. Nimeshamwomba radhi. Bado naiona ile sura.

Miaka miwili baadaye likafungwa getini lango la kupima mionzi kwenye magari. Lori moja likaingia likiwa na mabaki ya kiwanda kilichovunjwa, king'ora kikalia. Dereva akasema lango bovu. Tukamrudisha, akapita tena polepole, kikalia palepale, katikati ya tela. Tukamteremsha dereva tukapitisha lori kwa mara ya tatu bila yeye kusimama karibu, maana mtu aliyetoka kutibiwa hospitali kwa dawa yenye mionzi anaweza kukiliza king'ora yeye mwenyewe. Matofali ya tanuru na mabomba ya mafuta yenye ukoko ndani nayo hukiliza. Safari hii haikuwa hivyo. Tukaliegesha lori pembeni kabisa, tukafunga kamba, tukapiga simu mamlaka ya mionzi. Walikuja na vipimo vya mkononi wakatoa kipimo cha tangi chenye sesiamu, na kifuniko chake cha kuzuia mionzi kilikuwa kimebaki nusu wazi. Waliokuwa wamelipakia lori hilo walilipakia kwa mikono. Hatukuambiwa wamepata mionzi kiasi gani, na hilo linanisumbua hadi leo.

Aliyesema "kitu kidogo hivyo kitafanya nini" naomba asome kuhusu Goiânia, Brazil. Septemba 1987 watu wawili waliingia jengo la kliniki iliyohama, wakakuta mashine ya tiba imeachwa, wakang'oa kichwa chake wakakiuza yadi ya skrepa. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137, gramu 93 hivi. Usiku ulikuwa ukitoa mwanga wa buluu. Watu wakaupenda, wakagawiana na ndugu na majirani, wengine wakajipaka mwilini. Mtoto wa miaka sita aliushika kisha akala chakula kwa mikono hiyohiyo. Wakaanza kutapika na kuharisha, na ilidhaniwa ni chakula au ugonjwa wa kawaida. Aliyeshuku ni mke wa mwenye yadi: alikitia kile kitu kwenye mfuko, akapanda nacho basi hadi ofisi ya afya. Zilikuwa zimepita siku 15. Yeye alikufa, na yule mtoto alikufa, na wafanyakazi wawili wa yadi. Watu zaidi ya laki moja walipimwa, 249 wakakutwa wamechafuka. Huyo mama ndiye ninayemuwaza kila ninapoona wenzetu wanacheka mada hii. Hakuwa na elimu ya mionzi wala kipimo. Aliona tu kwamba watu wameanza kuugua tangu kile kitu kilipoingia nyumbani.

Samut Prakan, Thailand, mwaka 2000, ilikuwa kobalti-60, na hapo waliikata kwa gesi kama fundi wako anavyotaka kufanya. Watu watatu walikufa.

Na ukisema utauza hivyohivyo ikayeyushwe huko mbele, umehamisha tu balaa. Sesiamu ikiingia kwenye tanuru inageuka moshi na vumbi. Mwaka 1998 iliyeyuka kwenye kiwanda cha chuma cha pua kule Los Barrios, Hispania, na wingu lake likapimwa hadi Ufaransa, Uswisi na Italia. Kobalti haitoki, inabaki ndani ya chuma chenyewe. Ciudad Juárez, Mexico, mashine ya tiba iliyouzwa skrepa mwishoni mwa 1983 iligeuka nondo na miguu ya meza. Iligundulika Januari 1984 kwa bahati tu: lori lililobeba nondo hizo lilikosea njia likapita kwenye vipimo vya maabara ya Los Alamos, Marekani. Nyumba zilizokwisha kujengwa kwa nondo hizo zikabidi zivunjwe.

Kuna aliyeuliza kama lori na vyuma vilivyokaa karibu na chanzo vinakuwa na mionzi. Kwa vyanzo vya aina hii, hapana, alimradi kapsuli, yaani kile kikasha kilichofungia chanzo, haijapasuka. Ni kama taa: ukiiondoa, ukuta haubaki na mwanga. Ikipasuka ndipo kila kitu kinachafuka, na hiyo ndiyo sababu nakusihi fundi asiiguse.

Umbali ndio dawa uliyo nayo sasa. Ukitoka mita 1 ukaenda mita 2, mionzi inayokufikia inabaki robo. Ukitoka sentimita 10 ukaenda mita 1, inapungua mara 100. Zungushia kamba mbali iwezekanavyo, asiingie mtu, kisha piga simu mamlaka inayodhibiti mionzi nchini kwako, na kama huna namba yao, zimamoto au polisi. Alama angalia kwa picha ya simu uliyokuza ukiwa mbali: panga tatu kuzunguka kitone, au pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia, ile iliyotolewa 2007. Ukikosa alama usijipe moyo, rangi ndiyo ya kwanza kuondoka. Tazama kwenye picha hiyohiyo kama kuna mkono wa kufungulia wenye tundu la kufuli, au kibati chenye namba, hizo nazo ni dalili.

Waliokibeba kitu hicho waandike majina yao, muda waliokaa nacho na jinsi walivyokishika. Wanawe mikono kabla ya kula chochote. Akitapika mmoja wao, au mikono ikianza kuwasha na kuwa myekundu kama ya kuungua, apelekwe hospitali leo, na daktari aambiwe waziwazi neno mionzi. Asipoambiwa, hatalifikiria.

Sasa mkuu, hukusema: fundi ameshaigusa kwa gesi au bado? Na kile kitu kimelala wapi, yadi au ndani kwa mtu? Jibu hilo kwanza, nipo.