ChatGPT "amesema" au "imesema"?

Mama mmoja wa Kisauni ameuliza: mwanawe kaandika kwa insha "ChatGPT amenisaidia kutafuta methali", mwalimu akamkata alama, sasa nani yuko sawa?

Mamangu, mwalimu yuko sawa, ni imenisaidia, kama programu nyingine yoyote. Lakini usimgombeze mtoto. Hii a- wengi wanadhani ni ya mwenye akili ama mwenye kusema, sio, ni ya mwenye uhai (mimea kando). Mende amekufa, kuku ametaga, mtoto hata hajazaliwa tunasema amecheza tumboni na hapo hajui hata neno moja. Sanamu ina macho na pua na bado tunasema imeanguka. (Mwanasesere ndiye kaingia ngeli ya A-WA, yeye kapita kwa mlango wa "mwana".)

Sasa mtoto kaitoa wapi hiyo a-? Kitu kikikujibu, sikio linatafuta mtu. Juzi barazani Kibokoni kijana kaiuliza simu yake magharibi ni saa ngapi, simu ikajibu kwa sauti, bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchicha akainua kichwa: "Nani huyo? Yu wapi?" Hakusema i wapi. Na wala si mambo ya uzee, maana 1966 huko Marekani Joseph Weizenbaum alitoa ELIZA, programu ya kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe kama maswali, na katibu wake, aliyejua fika kuwa ni mashine, akamwomba atoke chumbani aongee nayo faragha.

Hilo mimi halinisumbui sana. Linaloniuma ni upande wa pili, sikiliza watu wakiagiza chakula kwa simu: "Boda imefika, iambie ingoje getini." Wallahi hili linaniuma! Anayengoja pale ni kijana wa watu, helmeti mkononi, jua la saa nane, pilau imefungwa nyuma ya pikipiki, na sisi tumemvua a- yake tukamvisha ya pikipiki kwa sababu tangu atoke hotelini tumekuwa tukimwona kama kialama kinachosogea kwa ramani. Mende tumemwachia yake, huyu tumemnyima.

Kwa hivyo mtoto arekebishe, imenisaidia. Na sisi wakubwa askari akipiga simu kutoka getini tumjibu: mwenye boda amefika? Mwambie asogee kivulini, nateremka.