Re: Mkongwe wa vita vya Iraq ana vipande vya bomu pajani, naweka msimbo gani wa bili?

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi, mgonjwa wenu hapo Marekani alilipuliwa na bomu la kutegwa akiwa jeshini Iraq, vipande vikaachwa pajani, leo kaja na maumivu na bili imerudishwa maana umeandika jeraha kama vile ni la leo.

Kwanza angalia herufi ya mwisho ya msimbo wa ICD-10-CM, ile orodha ya misimbo ya magonjwa na majeraha inayotumika Marekani. Uliweka A, hiyo ni ya matibabu ya jeraha bichi, hapa inatakiwa S kwa sababu ni madhara ya jeraha la zamani. Anza na maumivu yaliyomleta, alafu msimbo wa jeraha la paja wenye S, alafu Y36.230S ya bomu la kutegwa vitani kwa mwanajeshi. Vipande vyenyewe ni Z18, kundi la vipande vilivyobaki mwilini, na hapa ndo watu wengi wanabahatisha: Z18.11 ni chuma kinachovutwa na sumaku, Z18.12 kisichovutwa, Z18.01 urani hafifu (depleted uranium). Eksirei peke yake haikwambii ni chuma gani, kwa hiyo kama daktari hajaandika weka Z18.10, yaani chuma kisichotajwa aina, usijaze kwa kukisia.

Na tafadhali sana ndugu, MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku kali) isubiri mpaka radiolojia waione hiyo picha, chuma cha sumaku kinaweza kusogea mwilini. Kipande kikitolewa kisitupwe, kipelekwe maabara. Muulizeni daktari pia kuhusu kituo cha VA (idara ya wanajeshi wastaafu ya Marekani) pale Baltimore kinachofuatilia vipande vya namna hii tangu 2008, wanapima metali kwenye mkojo. Kama kipande kipo karibu na kiungo, madini ya risasi (lead) huyeyukia kwenye ute wa kiungo, basi apimwe na damu kuona kiwango cha madini hayo.