Kompyuta inawaka lakini skrini ni nyeusi, angalia RAM (vile vijiti vya memori)

Pole sana bro wa Kondele. Umesema desktop inawaka, feni inazunguka, monita inaandika haina signo alafu inalala. Basi monita mara mingi iko poa, shida iko kwa kebo ama kwa CPU, yaani ile boksi ya mashine yenyewe, usikimbie kununua ingine bure.

Angalia kwanza kebo ya VGA, ile ya pini 15 inayounganisha monita na mashine, kama kuna pini imepinda, na kama mashine iko na kadi ya grafiki kebo iingie kwa hiyo kadi si kwa mazabodi (ile bodi kubwa ya ndani). Hapo hakuna kitu? Chomoa waya ya stima, bonyeza pawa sekunde kadhaa stima yote iishe, fungua kifuniko utoe RAM, zile meno za rangi ya dhahabu zisugue polepole na raba ya penseli mpaka zing'ae, pangusa, rudisha moja moja ukisukuma mpaka isikike tak pande zote mbili, alafu jaribu slot ingine.

Hizi mashine za zamani mara mingi ni hapo tu, vumbi na unyevu. Ikikataa badilisha betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu iko kwa mazabodi, na ikilia bip hesabu ngapi utuambie, hiyo itasaidia kujua nini imekufa.