Maswali na majibu: nyuso zinapogusana ndani ya kompyuta

Shikamoo mwalimu. Modeli yangu ya kompyuta ina vipande viwili, kimoja juu ya kingine. Hesabu haikonvaji (haifiki kwenye jibu), programu inalalamika kuhusu matriksi (jedwali la namba za milinganyo). Nifanyeje? (Mwanafunzi, Mbeya)

Marahaba. Swali hili linarudi kama mvua ya Tukuyu. Hicho kipande cha juu umekishikilia na nini? Mgusano haushiki kitu ambacho bado hakijagusa. Ukiacha mwanya wa mm 0.01 tu, kompyuta inaona kitu kinachoelea hewani, na kwa hesabu ya kani tuli kitu kinachoelea hakina jawabu.

Kisogeze mpaka kiguse. Hatua ya kwanza kisukume kwa umbali, tuseme mm 0.01, usitumie kani. Kikishabana, hatua ya pili ondoa umbali, weka kani yako. Wengine huweka springi dhaifu za kukishikilia. Sawa, ila mwishoni usome springi zimebeba kiasi gani. Zikizidi asilimia 1 ya mzigo, umepima springi.

Kinu cha mbao, Mafinga. Puli ya stili inaingia kwa presi kwenye shafti ya stili ya mm 50. Kitovu cha puli nje ni mm 100, shafti imezidi tundu kwa mm 0.04 za kipenyo. Elementi zangu (vipande vidogo ambavyo kompyuta huigawa modeli) ni za mm 5. Kanieneo inatoka kwa madoa, hapa 0, pale mamia ya MPa (N kwa mm²). Programu mbovu?

Programu haina kosa. Kabla ya kuifungua ulipaswa kushika kalamu, ukijua E ya stili (kipimo cha ugumu wake) ni 210,000 MPa: 210,000 × 0.04 × (1 − (50/100)²) ÷ (2 × 50) = 63 MPa. Hilo ndilo jibu la katikati ya kitovu, sawasawa kuzunguka shafti yote. Fundi mwenye kikokotoo cha simu analipata kabla laptopu haijawaka.

Madoa yanatoka kwenye meshi, yaani wavu wa elementi zinazoungana kwenye nodi. Elementi yenye pande zilizonyooka haijui mviringo, inakata njia ya mkato. Kwa mm 5 kwenye nusu kipenyo cha 25, mkato huo unaingia ndani mm 0.125 (5² ÷ (8 × 25)). Shafti yako imezidi kwa mm 0.02 tu kila upande. Kwa hiyo nodi zisipokabiliana, mahali pamoja panabana kwa karibu 0.145 na jirani yake pana mwanya wa 0.105. Umeigeuza shafti kuwa nati. Elementi za mm 1 zinapunguza kosa hadi 0.005, bado robo ya kile unachokitafuta. Tumia elementi za daraja la pili zinazofuata mviringo, na upange nodi za shafti na za tundu zikabiliane.

Ukishapata kanieneo iliyotulia lakini ni 126, umeingiza tofauti ya kipenyo mahali pa nusu kipenyo. Ikiwa chini ya 63, tazama ugumu wa penalti, yaani wa springi za kubuni zinazozuia nyuso zisizamiane. Kwenye programu ya CalculiX, na PrePoMax inayoiendesha, anza na mara 5 hadi 50 ya E. Kwa stili ni milioni 1 hadi 10 N/mm³. Ukiweka 2,000 nyuso zitazamiana na kuumeza ule ubanaji kabla haujaleta kanieneo.

Kingine hukuuliza: kwenye midomo ya kitovu kanieneo itapanda, na kila ukisaga meshi iwe ndogo zaidi itapanda zaidi. Usiripoti namba ya pale kwenye kona kali. Lakini usiidharau sehemu yenyewe, maana shafti nyingi za namna hii huanza kupasuka hapohapo.

Programu inataka uso mmoja uwe masta na mwingine mfuasi, ambao nodi zake ndizo huzuiwa zisizame kwenye masta. Uso upi uwe masta?

Mgumu, wenye meshi kubwa. Laini wenye meshi ndogo awe mfuasi. Ukigeuza, nodi za masta zitazama kwenye mfuasi na programu haitakuambia kitu.

Naweza kugandisha viungo vyote ili hesabu iishe haraka? (Iringa)

Unaweza, na utapata jibu la mashine iliyochomelewa yote. Gundi ya kompyuta inabeba hata kani ya kuvuta. Flanji yako ya bolti haitafunguka kamwe, hata pale ambapo ya kweli ingevuja.

Mradi wangu ni breki za lori linaloshuka mteremko wa Kitonga. Msuguano wa 0.1 hesabu inaenda, 0.4 inakwama.

Msuguano unaivunja hali ya matriksi kufanana pande mbili za ulalo wake. Programu ya Abaqus ikiona zaidi ya 0.2 inabadilisha yenyewe solva (sehemu inayotatua milinganyo). Kwingine angalia, pengine uiagize. Kumbukumbu ya kompyuta itahitajika karibu maradufu, vumilia.

Ila umesahau joto. Dramu la mm 410 likipanda nyuzi 300 linatanuka kipenyo kama mm 1.35, yaani linamkimbia shuu (kiatu cha breki) karibu 0.7 kila upande, na laini za shuu (bitana ya msuguano) zikipata moto nazo huwa zinapoteza msuguano. Modeli ya breki baridi kwenye ule mteremko haimsaidii dereva yeyote.

Nitajuaje kama mipangilio yangu ya mgusano ni sahihi?

Ijaribu kwa mpira wa stili wa kipenyo mm 20 juu ya bamba nene la stili, kani 100 N. Hesabu ya mgusano ya Hertz, ipo tangu 1882, inatoa doa la mgusano la nusu kipenyo mm 0.187 na kanieneo ya juu 1,371 MPa. Elementi pale chini ziwe kama mm 0.02. Ukitumia za mm 1, doa zima linajificha ndani ya elementi moja, na picha bado itatoka na rangi nzuri.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Itaweza?

Mpira ule uchore kama kipande bapa kinachozunguka mhimili, si wa pande tatu. Itatosha na chenji itabaki.